Mtani Wangu na Saa Mpya za Mvuke

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi kwenye gari la moshi enzi za Mdachi, macho yanawatoka. Wanadhani nilikuwa nakaa dirishani nawapungia watu mkono. Loh! Mimi nilikuwa mtia kuni. Kazi yangu ilikuwa kulisha tanuri ambalo halikujua kushiba, toka alfajiri mpaka jua linazama huko mbuga ya Mkata, na jioni nikishuka vidole vilikuwa havikunjuki hata kushika tonge. Mgongo huu mnaouona haukupindishwa na uzee. Umepindishwa na kuni, na ukiniuliza habari za gari la moshi nitakwambia za kuni kwanza, maana ndizo ninazozikumbuka vizuri.

Nilishuka mjini Morogoro kutoka kwetu Mgeta kwa sababu akida alikuwa anapita vijijini kukusanya watu wa kazi ya serikali, kazi ya bure, na kiboko juu yake. Nikasema, kama ni kuchoka, bora nichague mwenyewe pa kuchokea. Wenzangu walikwenda kwenye mashamba ya mkonge. Mimi nilikwenda stesheni, nikamkuta Mdachi mmoja amesimama chini ya tangi la maji, akanitazama mabega, akaniambia panda. Sikuulizwa kingine. Na mimi, mtu wa mlimani ambaye sikuwahi kuona kitu kizito namna ile kinakwenda bila miguu, nikapanda.

Gari lenyewe lilikuwa zee. Lilikuja kwetu limekwisha kuchoka huko lilikotoka, na sisi tukalipokea hivyo hivyo, tukalipatia kazi ya kuvuta mawe na mataruma ya kulalia reli kupeleka mbele kule reli ilikokuwa inatandikwa. Lilivuja mvuke kila mahali. Kulikuwa na tundu moja karibu na goti langu la kulia lililonibabua mpaka leo nywele hazioti hapo. Lakini kwa dereva wangu lilikuwa gari zuri kupita yote, na usimwambie vingine.

Dereva alikuwa Mnyamwezi, mtu aliyekwisha pita makamo, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza. Alifika pwani ujanani na pembe ya ndovu begani, kwa miguu, toka kwao upande wa Tabora. Wadachi walipoanza kutandika reli kule Dar es Salaam akaacha pembe akashika mashine: kwanza kufuta masizi, halafu kutia kuni, halafu kuendesha. Madereva wengine pale stesheni walikuwa Wagiriki na Wahindi. Mtu mweusi mwenye gari lake mwenyewe alikuwa yeye peke yake, na hilo zee alipewa kwa kuwa Wagiriki walilikataa.

Sasa, mimi Mluguru na yeye Mnyamwezi. Wanaojua wamekwisha elewa. Njia ya misafara ilipita kwetu. Wanyamwezi walipita na mizigo, wakala kwetu, wakaugua kwetu, wakafa tukawazika, na utani ukatoka humo. Siku ya kwanza nilipopanda alinitazama kuanzia unyayoni akasema, "Ebo! Nimeomba mtu, wameniletea mbuzi wa mlimani." Nikamjibu, "Nyamaza, mtumwa wetu we! Babu yangu alikununua kwa chumvi, tena akalalamika kapunjwa." Alicheka mpaka akakohoa. Toka hapo hatukusemezana kwa adabu hata mara moja. Alikula chakula changu bila kuomba, nami nilivaa kofia yake bila kuomba. Kwa umri alikuwa baba yangu kabisa, na vijana wengine wa rika langu walikuwa wanapiga goti mbele yake. Mimi nilimwita mlevi, na pombe alikuwa haigusi.

Alikuwa na jambo moja tu moyoni, na alilisema kila siku mpaka likanichosha masikio. Reli ilikuwa inakwenda kwao. Kila taruma tulilolipeleka mbele lilikuwa linasogea Tabora, na Wadachi walisema hata magari ya kuvuta mawe yatakwenda nayo, yakifuata kazi. Kwao walikwisha mlilia matanga. Wapagazi walimpelekea mama yake habari kwamba alifia njiani kwa ndui, na bibi yule, waliomwona walisema, alikuwa bado hai na bado akimtaja. Dereva wangu alitaka kuingia kwao ameshika mkono wa mvuke, ule unaoendesha gari, apige filimbi mpaka ng'ombe wavunje zizi, mama yake atoke nje aulize kuna nini. Nikamwambia mara moja, si upande tu behewa kama watu, reli ikifika? Akanitazama kwa hasira kweli, si ya utani. "Kupanda hata gunia linapanda," akasema.

Basi hilo ndilo alilokuwa akilipigania. Mengine yote ninayowaeleza ni habari za hilo.

Mbele ya uso wake, kwenye ubavu wa boila, palikuwa na saa kubwa ya shaba, upana wa sahani ya wali. Tuliiita saa kwa kuwa ilikuwa na uso na mshale, lakini ilikuwa inaonyesha nguvu ya mvuke. Palikuwa na mstari mwekundu. Mshale ukiukaribia una mvuke wa kutosha, ukiupita muombe Mungu wako. Kioo cha saa ile kilivunjika kabla mimi sijafika na hakuna aliyeleta kingine, kwa hiyo mshale ulikuwa uchi. Chini yake palikuwa na vibomba vitatu vya shaba vya kupimia maji ya boila, kimoja juu, kimoja kati, kimoja chini. Unafungua kidogo: kikifoka mvuke mtupu, maji hayajafika hapo, kikitema maji, yamefika. Na maji ndiyo roho ya gari. Yakishuka mno, chuma cha juu ya moto kinabaki kikavu, kinalegea, boila linapasuka, na wote mliomo mnaiva.

Dereva wangu alikuwa na tabia ya kuugusa ule mshale. Ananyoosha kidole, anaupapasa kidogo, anarudisha mkono. Kisha anafungua vibomba kimoja kimoja, ameinamisha kichwa anasikiliza. Nilidhani ni mapenzi tu, jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe wake shingoni. Nilimtania sana kwa hilo. Nikamwambia mkeo akisikia unavyolishika hili chuma atarudi kwao.

Ndipo likaja balaa la saa mpya.

Mdachi aliyesimamia karakana, sisi tulimwita Bwana Fundi, hakuwa mtu mbaya. Niseme kweli, maana wabaya niliwaona na najua tofauti yao. Huyu alikuwa na ndevu nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wajomba zangu wa mlimani. Alipenda vyombo vya kupimia kuliko chakula. Yalipofika masanduku yake kutoka Ulaya aliyafungua mwenyewe, akapangusa kila kitu kwa kitambaa cheupe, akatuita tukaone. Akasema gari zee likipata saa mpya litakuwa limepata macho. Lililobaki lote, ile mivujo, lile tundu la goti langu, hakuligusa.

Tukaling'oa lile saa la shaba. Sisi wenyewe, mimi na dereva, ndio tuliopewa spana. Lilikuwa limeshika kutu na lilitutoa jasho, na lilipotoka dereva alilishika kifuani kwa muda mpaka Bwana Fundi akamwambia liweke chini, chakavu hilo. Mahali pake pakafungwa bamba jeusi la chuma lenye saa tatu ndogo zimepangana: ya mvuke, ya breki na ya mwendo. Nyuso nyeupe, namba nyembamba, na juu ya kila moja kioo kinene kilichobanwa kwa pete ya shaba. Vibomba vitatu vya maji vikazibwa. Badala yake ikawekwa mirija miwili ya kioo, maji yanapanda na kushuka humo unayaona kwa macho, na nje yake kuna kizuizi cha waya ili kioo kikipasuka kisitukate. Lilikuwa jambo zuri, wallahi. Hata mimi nililiona ni zuri.

Safari ya kwanza tulikuwa wawili tu. Tumepita mto, tumeanza kuinyoosha kwenye tambarare, nikamwona ananyoosha kidole kama kawaida yake. Kidole kikagota kwenye kioo. Akakipeleka juu, akakirudisha chini, akazunguka na ile pete ya shaba polepole. Kisha mkono ukaenda kwenye vibomba, ukakuta chuma kilichozibwa. Akasimama. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye zile saa, umbali wa dhiraa moja tu, na macho yake yalikuwa hayatulii popote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu huyu alikuwa haoni. Mbali aliona: milima, moshi, mtu aliyesimama njiani. Cha karibu alikuwa hakioni kabisa, sijui toka lini, na kazi yote ile alikuwa akiifanya kwa kidole na sikio. Nikatazama mrija wa maji. Maji yalikuwa chini, chini kabisa, yanacheza kwenye ncha.

Ningeweza kusema, "Maji yameshuka." Ni maneno mawili. Lakini kumwambia hivyo ni kumwambia kwamba najua, na mtu mzima humvui nguo hivi hivi. Mdomo ukatoa kile ulichozoea. Nikapiga kelele, "Mlevi mkubwa we, koo limekukauka! Kunywa basi, usije ukatufia hapa!"

Akageuka upande wangu. Halafu akafungua maji. Nikasikia boila linameza, na mimi nikaenda kushika kuni. Tukafika. Wakati wa kushuka akaninyang'anya kiazi changu, akala, akasema, "Mbuzi wa mlimani, leo umelia vizuri."

Tukaendelea hivyo. Hatukukaa chini kupanga hata siku moja, wala hatukulitaja. Mvuke ukipungua nilimwambia amepoa mithili ya uji wa juzi. Ukiwa sawa nilimwambia mtumwa wangu leo kashiba. Ukikaribia mstari mwekundu nilimpigia kelele kwamba ni mlafi na tumbo litampasuka mbele za watu. Maji yakiwa mazuri nilimwambia umelewa, kalale. Naye alijibu kila tusi kwa tusi, huku mkono wake unafanya kinachotakiwa. Kazi yangu ikawa maradufu. Nalisha moto, natazama saa, natukana, sauti yangu ikawa inakauka kila jioni nanywa maji ya moto kwa chumvi. Nilichoka mwaka ule kuliko miaka yote niliyowahi kuishi. Mke wangu aliniambia natukana hata usingizini.

Ikaja habari tuliyokuwa tunaingoja. Reli imevuka mbali, kambi inahamia mbele, na magari mawili ya mawe yatakwenda nayo moja kwa moja, hayarudi Morogoro. Bwana Fundi akasema atapanda na sisi mpaka Kimamba aone saa zake zinavyofanya kazi na dereva anavyozisoma. Akiridhika, gari letu litakwenda. Dereva wangu siku hiyo alikwenda kunyoa.

Bwana Fundi alisimama katikati yetu njia nzima, ameshika chuma, ndevu zinapeperuka. Kila baada ya kitambo anamuuliza dereva, "Mshale wa mvuke uko wapi?" Na mimi kabla hajafunga mdomo nimekwisha ropoka, "Muulize huyo mlafi, tumbo linataka kupasuka!" Dereva anajibu taratibu, "Karibu na mstari mwekundu, Bwana." Bwana Fundi anatazama: kweli. "Na maji?" Mimi huku narusha gogo, "Koo kavu, mlevi huyu, mwana wa walevi!" Dereva, "Yameshuka, Bwana, nayaongeza." Kweli tena. Bwana Fundi akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza kwa muda mrefu kadiri nilivyoweza, kisha mvuke ukaanza kushuka, dereva akainua kidevu kidogo, ile namna yake ya kunitegea sikio, na ningefanya nini? Nikamwambia ni uji wa juzi. Bwana Fundi akanipiga kofi. Nikamwambia dereva ni uji wa juzi, tena uliomwagika.

Tulipofika Kimamba Bwana Fundi alimshika dereva mkono. Mbele ya watu, Mdachi akamshika mkono Mnyamwezi. Akasema hajaona dereva mtulivu namna hii, anayesoma vyombo bila wasiwasi huku anatukanwa na mshenzi. Kwa hiyo gari litakwenda, na yeye atakwenda nalo. "Na nitakuondolea mtu huyu," akasema, akaninyooshea kidole. "Utapewa mtia kuni mwenye adabu." Dereva alijibu, "Ahsante, Bwana." Angejibu nini kingine?

Nilimwendea Bwana Fundi kesho yake tuliporudi Morogoro, kwenye karakana, nimevua kofia. Nikamweleza. Nikasema sisi si maadui, sisi ni watani, kwetu matusi haya ni mapenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru. Akasema, "Umri wake ni wa baba yako. Unamwita mlevi na mtumwa siku nzima, na unaniambia ni mapenzi?" Nikasema ndiyo. Akasema yeye kajifunza Kiswahili kwa miaka, na anajua tusi likiwa tusi. Nikasimama pale. Nilikuwa na neno moja la kumfanya aamini, na neno hilo lilikuwa macho ya mtani wangu. Nikimfanya aniamini, nimemuua mwenzangu. Nikavaa kofia yangu nikatoka. Nilitaka kulia, nikaona hata kulia ni kazi, nikaenda kulala.

Mtia kuni mwenye adabu alikuwa mtu wa Pangani, ndugu wa mpishi wa Bwana Fundi. Mtu mzuri, mkubwa kunizidi, sala tano, sauti laini. Siku ya kuamkia safari nilikaa naye kwenye reli ya pembeni gari likiwa limepoa, dereva yupo, nikajaribu kumfundisha bila kumfundisha. Nikamwambia, "Mzee huyu anapenda kutukanwa ndiyo afanye kazi. Mwambie mlevi." Akasema, "Astaghfirullah! Mzee wangu huyu?" Dereva mwenyewe akamwambia, "Nitukane, mwanangu, mimi nimeruhusu." Yule bwana akakaribia kutokwa machozi. Akasema kwao mtoto anayemtukana mzee hafi vizuri. Mwishowe akajikaza, akasema kwa sauti ya msikitini, "Mzee, samahani sana, naona kama maji yamepungua kidogo." Kwenye gari linalokwenda sauti ile haimfikii hata nzi.

Alipoondoka nikamwambia dereva, mwambie basi, mweleze ukweli, atakusaidia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jambo hilo. Akasema, "Nikimwambia yeye, nimemwambia mpishi. Na Bwana Fundi akimuuliza, hawezi kusema uongo. Unamwona." Nilimwona. "Basi shuka," nikasema. "Usiende. Utaua mtu." Akageukia upande ule sauti yangu ilikotoka. "Mama yangu yuko kule," akasema.

Asubuhi stesheni ilijaa. Nyuma ya gari, badala ya mawe peke yake, walikuwa wamefunga mabehewa ya wazi ya watu: vibarua, wake zao, vyungu, kuku, watoto mgongoni. Wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma wanaofuata kazi upande wa kwao, na wote wanamjua dereva, wanamwita kwa jina la sifa, wanaimba. Wanawake walimpigia vigelegele kwamba anawapeleka nyumbani. Mimi nilisimama chini, kati ya mafungu ya kuni, nimezoea tu kusimama hapo. Bwana Fundi alipanda juu kwenda nao. Mtu wa Pangani alikuwa amekwisha tia moto, tena ameutia vizuri.

Dereva alishika mkono wa mvuke. Niliona kidole cha mkono wa pili kinaondoka, kinakwenda kwenye bamba jeusi, kinagota kioo, kinarudi. Nilikuwa ninaona mrija wa maji kutoka pale chini, maji yalikuwa katikati, mazuri tu, na nusura nimwambie kalale. Nyuma kule mtoto mmoja akaanza kulia, kile kilio cha mtoto aliyeamshwa, na mama yake akawa anambembeleza kwa Kinyamwezi. Dereva akageuza kichwa. Watu wale walikuwa mbali naye kiasi cha kuwaona kama anavyoona milima, na nadhani aliwaona wote.

Akaachia mkono wa mvuke. Akasema, sauti ya kawaida, sote tulisikia, "Bwana, mimi sizioni saa zako."

Bwana Fundi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka. Akamuuliza, "Toka lini?"

"Hata zile za zamani nilikuwa sizioni. Zile nilizishika."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniacha hapa?"

Bwana Fundi alitazama zile saa zake tatu, nyuso nyeupe, hata moja haijaingia vumbi, kisha akanitazama mimi kule chini kwa muda mrefu, na naamini ndipo alipoelewa matusi yangu. Hakumtukana wala hakumpiga. Akasema, "Shuka," na akatuma mtu kumwita dereva mmoja Mgiriki.

Dereva akashuka ngazi kinyumenyume, anatafuta kila ngazi kwa unyayo. Kule kwenye mabehewa nyimbo zilikatika. Wanyamwezi wenzake walimtazama, wakanitazama mimi. Walikuwa wananingoja. Mnajua desturi: mtu akianguka mbele za watu, mtani wake ndiye anayetakiwa kumcheka kwanza, kwa sauti, amwite mtumwa, amwite zigo, amvue kofia, watu wote wacheke, naye acheke nao, na aibu iishie hapo hapo chini imekanyagwa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Hakuna mtu mwingine duniani anayeruhusiwa kuifanya.

Alisimama mbele yangu. Mikono imening'inia, masizi kwenye ndevu alizonyoa vibaya, na macho yale yananitafuta. Alikuwa anangoja na yeye. Nilifungua mdomo. Matusi yote niliyokuwa nayo, mwaka mzima wa matusi, yalikuwa hapa kooni. Nilimwona amezeeka kweli, nikamwonea huruma mpaka mifupani, na huruma ndiyo ikatoka.

Nikasema, "Shikamoo, baba."

Mtani wangu akanitegea sikio, kana kwamba hajasikia vizuri. Halafu akainama kidogo, akaniwekea mkono begani, kwa upole, jinsi wazee wanavyofanya.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Reli ilifika kwao baadaye, na mara mbili nilimwambia nitampeleka, tupande behewa pamoja. Alikataa, asiende kwa mama yake kama gunia. Aliishi mtaa wa pili kutoka kwangu mpaka alipofariki, nami nilikuwa nampita kila asubuhi nikienda kazini, namwamkia, ananiitikia vizuri, ananiuliza habari za watoto. Hakuninyang'anya chakula tena, na hakunitukana tena hata siku moja.